Bei ya kumwaga zege nyumbani: piga hesabu kabla hujaita fundi

Uliza mafundi watatu wa Dar es Salaam bei ya kumwaga slabu moja, utapata majibu matatu yanayopishana hata kwa mamilioni, na huenda wote watatu wamesema kweli. Wa kwanza ametaja ufundi tu. Wa pili ameweka ufundi, miksa na mbao. Wa tatu amejumlisha hadi saruji na nondo, kisha akaongeza kidogo kwa hofu ya bei kupanda kabla ya siku ya zege. Mwenye nyumba huchukua tarakimu ndogo kuliko zote, na wiki mbili baadaye anaanza kuombwa hela ya misumari, ya mafuta, ya chakula cha vibarua, hadi anasahau bei aliyokubaliana mwanzoni ilikuwa ngapi.

Fedha ya zege huenda sehemu nne: vifaa vinavyobaki ndani ya nyumba (saruji, mchanga, kokoto, nondo), vitu vya kukodi vinavyokuja na kuondoka (mbao, mirunda ya kuzishikilia, miksa, na vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane), mikono ya watu, na yale madogo ambayo hakuna anayeyataja, yaani maji, mafuta, chakula na usafiri. Ukijua kila fundi amegusa sehemu zipi, unaweza kulinganisha bei.

Anza na ujazo

Kabla ya kupiga simu yoyote, jua zege lako ni mita ngapi za ujazo: urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita. Maegesho ya gari ya mita 6 kwa 5, unene wa sentimita 10, ni 6 × 5 × 0.1, sawa na mita 3 za ujazo. Slabu ya ghorofa ya mita za mraba 80 yenye unene wa sentimita 15 ni mita 12 za ujazo, bila mihimili na ngazi. Mihimili hupimwa peke yake, na ndiyo husahaulika.

Unene ndio unaokula fedha kimyakimya. Slabu hiyo ya mita za mraba 80 ikitoka sentimita 17 badala ya 15 kwa sababu mbao zimebonyea au fundi hakuweka alama za usawa, umeongeza mita 1.6 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa slabu hiyo ni mifuko 13 ya saruji iliyozama bila kazi, tena nyumba imebeba uzito usiokuwa kwenye mchoro. Kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege inayokaa juu ya ardhi, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ardhi isiyosawazishwa ina mashimo na zege hujaza kila shimo. Kushindilia na kusawazisha moramu vizuri ni rahisi kuliko kuziba mabonde kwa saruji.

Mfuko, tripu na nondo

Mchanganyiko unaotajwa sana saiti ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mita moja ya ujazo hapo hula mifuko kama 6.3 ya kilo 50, mchanga mita 0.44 na kokoto mita 0.88. Kwa slabu na nguzo wahandisi wengi hutaka 1:1.5:3, ambao hula mifuko 8, mchanga 0.42 na kokoto 0.84. Kwa zege jembamba la chini ya msingi, 1:3:6 hutosha, mifuko 4.4 hivi. Jumla ya mchanga na kokoto inazidi mita moja kwa sababu mchanga huingia katikati ya kokoto na saruji katikati ya mchanga. Ndiyo maana anayenunua mita tatu za mchanga na kokoto akitarajia mita tatu za zege hupungukiwa kila mara.

Kwa slabu yetu ya mita 12 kwa 1:1.5:3, saruji ni mifuko 96. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, weka 101. Tuseme mfuko umekufikia saiti kwa shilingi 16,500, hapo ni shilingi 1,666,500 (weka bei ya mtaani kwako, njia ya hesabu haibadiliki). Ukishushia 1:2:4 unaokoa mifuko kama 20. Fundi anayependekeza hivyo kwa slabu bila kumuuliza aliyechora nyumba anakuokolea hela mahali pabaya. Na angalia mfuko wenyewe: kuna saruji ya 32.5 na ya 42.5, na tofauti ni ya nguvu wala si ya chapa. Mchoro ukitaka 42.5, mifuko ya 32.5 haifidii kwa kuongezwa kiholela.

Mchanga na kokoto huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Lori la tani 7 hubeba takriban mita 4.4 za mchanga likijazwa sawasawa. Chukua futi kamba, pima bodi ya lori kwa ndani, urefu, upana na kina cha mzigo, kabla halijamwaga. Ukishamwagiwa chini huna ushahidi. Mchanga uliolowa una ujanja wake: unyevu mdogo huufanya uvimbe hata kwa robo ya ujazo wake, kwa hiyo lori linaloonekana limejaa lina mchanga pungufu. Uvimbe huohuo huharibu vipimo vya ndoo siku ya zege, maana kila ndoo ina mchanga kidogo kuliko unavyodhani na maji mengi kuliko unavyoyaona.

Kwa Dar, kokoto ngumu nyingi hutoka machimbo ya Lugoba, upande wa Chalinze, kwa hiyo sehemu kubwa ya bei yake ni dizeli. Zile nyeupe za mawe ya matumbawe ni nafuu, hunywa maji zaidi, na si za slabu. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukipewa bure, kwa kuwa chumvi yake hula nondo ndani ya zege, na kutu ikivimba hupasua zege kutoka ndani.

Nondo huuzwa kwa kipande cha mita 12, lakini nguvu yake iko kwenye uzito. Kanuni ni rahisi: kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, yaani kipande kizima ni kilo 10.7 hivi. Weka kimoja kwenye mzani dukani. Kikisoma kilo 9, umeuziwa nondo ya milimita 11 kwa bei ya 12, na chuma kimepungua karibu asilimia 16. Slabu ya nyumba ya kawaida huchukua kilo 80 hadi 100 za chuma kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mita 12 zitakula kati ya kilo 960 na 1,200. Fundi akikuletea orodha ya nondo nyingi au chache mno kuliko hapo, mwombe akuonyeshe kwenye mchoro.

Vipande vinavyobaki navyo ni gharama. Turudi kwenye maegesho ya mita 6 kwa 5, nondo za milimita 8 kila sentimita 20 pande zote mbili. Utahitaji nondo 26 za mita 6 na 31 za mita 5, jumla mita 311. Kwa kugawanya tu utasema vipande 26 vinatosha. Lakini kipande cha mita 12 hutoa mbili za mita 5 na kubakiza mita 2 zisizo na kazi, kwa hiyo unahitaji vipande 13 kwa upande mmoja na 16 kwa mwingine: 29. Fundi anayesema 29 hajakuibia. Muulize tu zile mita mbili mbili zinakwenda wapi, maana ni zako.

Mbao na mirunda

Watu hukasirikia bei ya saruji na kupita kimya kwenye bei ya mbao, ilhali kwenye slabu ndiko bajeti nyingi huvunjikia. Zege bichi lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 inakandamiza kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na yetu yote ni tani 28.8 zilizokaa juu ya miti, kabla hujahesabu watu na toroli. Kwa hiyo mirunda hupangwa kila sentimita 90 hivi pande zote, na mita za mraba 80 zinadai kama mia moja. Mbao za marini, zile za futi 4 kwa 8, hufunika karibu mita za mraba 3 kila moja, kwa hiyo hesabu 27, na ukiweka za kukata, 30.

Ukinunua vyote hivyo kwa zege moja tu, umejinunulia kuni za bei ghali. Kukodi hufaa zaidi, lakini uliza swali moja: unakodishiwa kwa siku au kwa kazi? Pembeni za slabu hufunguliwa baada ya siku moja au mbili. Mirunda ya chini lazima ikae. Kwa uwazi mfupi wa vyumba vya kawaida, siku 14 ndizo chache kabisa, na wengi hapa kwetu huacha hadi 21 au 28, jambo la busara hasa kwa saruji zinazokomaa polepole. Mwenye mirunda anayedai kwa siku ana kila sababu ya kufurahia uangalifu wako. Fundi aliyejumlisha mbao zake kwenye bei naye ana kila sababu ya kuzivua mapema, kwa kuwa zinasubiriwa saiti nyingine. Siku za kuvua ziandikwe kwenye mkataba, kwa tarakimu.

Ufundi unavyopangwa

Utasikia kwamba ufundi ni theluthi ya vifaa. Kanuni hiyo ni mbovu. Saruji ikipanda, kwa nini jasho la kumwaga zege nalo lipande? Na ukichagua nondo nene, theluthi inakua ingawa kusuka nondo nene chache kunaweza kuwa kazi nyepesi kuliko kusuka nyembamba nyingi. Afadhali bei kwa mita ya mraba ya slabu au jamvi, kwa mita ya urefu wa lenta, kwa kila nguzo. Hapo kazi ikiongezeka au kupungua, mnajua mnajadili nini.

Chukulia mafundi wawili wa slabu yetu (tarakimu ni za kuonyesha hesabu tu). Wa kwanza anataka shilingi 1,600,000, ufundi tu. Wa pili anataka 2,700,000, na mbao, mirunda, miksa, winchi, vaibreta, mafuta na chakula vimo. Wa kwanza ni nafuu kwa 1,100,000, au siyo? Sasa weka yale aliyokuachia: mbao na mirunda ya kukodi 900,000, miksa na winchi 250,000, vaibreta 60,000, mafuta 80,000, chakula cha watu 25 kwa 4,000 kila mmoja ni 100,000, waya wa kufungia na misumari 200,000. Jumla 1,590,000, na fundi wa kwanza sasa ni 3,190,000. Wa pili ukimwongezea waya na misumari, ambavyo hakuvitaja, anafika 2,900,000. Yule wa bei kubwa amekuwa nafuu kwa 290,000, tena hujazunguka kutafuta winchi Jumamosi asubuhi.

Watu 25 si kujaza saiti. Miksa ya mfuko mmoja hutumia kama dakika 5 kwa mzunguko: kupakia, kuzungusha, kumwaga. Mifuko 101 ni dakika 505, zaidi ya saa nane mfululizo. Ukianza saa 1 asubuhi bila mapumziko hata kidogo, unamaliza saa 9 na nusu alasiri, na hakuna saiti isiyo na mapumziko. Vibarua wakiwa wachache zege hukatika katikati. Kwenye joto la pwani, zege lililomwagwa huanza kukaza baada ya saa mbili hivi, na likimwagiwa jipya pembeni yake havishikani. Mahali hapo ndipo mvua itakapopitia. Kwa kazi inayozidi mita 10 uliza miksa ya pili iko wapi kama ya kwanza ikizima. Jibu la "haitazima" halitoshi.

Maji nayo yana bei kwa anayenunua kwa boza. Kila mfuko unataka lita 25 hadi 28 mchanga ukiwa mkavu, na pungufu ya hapo ukiwa umelowa. Mifuko 101 ni kama lita 2,500 hadi 2,800. Halafu kuna kumwagilia: ukizungushia slabu tuta dogo la mchanga na kujaza maji ya sentimita 3, unahitaji lita 2,400 kwa mara ya kwanza, na kuongeza kila siku kwa siku zisizopungua saba. Ufundi mwingi unaishia jioni ya zege, kwa hiyo mpange mapema nani atamwagilia.

Zege la gari, na mkandarasi aliyesajiliwa

Zege linaloletwa tayari na gari huuzwa kwa mita ya ujazo. Linaondoa miksa, vibarua wengi na ubishi wa ndoo, kwa hiyo usilinganishe bei yake na ya mifuko peke yake. Linadai barabara inayobeba lori la tani kama 30, pampu ukiwa na ghorofa, na mbao zilizokwisha kukaguliwa, maana lori likishafika linapaswa kumwagwa ndani ya kama saa moja na nusu tangu kuchanganywa. Kwa mita 3 za maegesho halilipi. Kwa mita 12 na zaidi, piga hesabu zote mbili.

Kuhusu nani umpe kazi: Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na wakandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, la saba likiwa dogo. Mkandarasi atakutoza faida, usimamizi na bima, na kama amesajiliwa VAT muulize kama bei yake imeijumlisha. Kwa jamvi la uani fundi mzuri anatosha. Kwa ghorofa, hata ukimpa fundi wa mtaani mbao na zege, mlipe mhandisi aje mara mbili: siku nondo zimemalizika kusukwa, na siku ya zege.

Ndoo, maji na malipo

Sehemu kubwa ya ubora inaamuliwa na mtu anayeshika ndoo. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa 1:1.5:3 ni ndoo mbili na nusu na kidogo za lita 20 za mchanga, na ndoo tano na robo za kokoto. Waambie wapime kwa ndoo iliyokatwa usawa, si kwa karai lililojazwa kichuguu, kwani karai la saa 2 asubuhi si la saa 8 mchana mikono ikichoka. Ikifika mchana utaona maji yakiongezwa ili zege litelemke lenyewe bila kusukumwa. Kila lita ya ziada ikikauka huacha vitundu, na nguvu hushuka. Zege zuri kwa miksa ni zito, linasogezwa kwa koleo na kukaa kwa vaibreta.

Vaibreta isipofika kwenye kona za mihimili, mbao zikivuliwa utaona kokoto tupu kama sega la nyuki, na kwa haraka zitapakwa plasta ili usizione. Kwa hiyo uwepo siku ya kuvua, kabla ya plasta, ugonge kwa nyundo. Chini ya nondo ziwepo biskuti za zege, vipande vidogo vya kuinua nondo, vyenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5, la sivyo nondo hukaa juu ya mbao na zege halizifuniki. Mafundi husema watazinyanyua kwa mkono wakati wa kumwaga. Hawanyanyui zote.

Ukitaka uhakika, jaza vibweta vya chuma vya sentimita 15 kwa kila upande kutoka kwenye zege lilelile, sita vinatosha, kisha matofali ya zege yanayotoka humo uyapeleke maabara yakandamizwe kupima nguvu siku ya 7 na ya 28. Ikilinganishwa na bei ya slabu ni hela ndogo, na fundi akijua vipo, maji ya mchana hupungua yenyewe.

Malipo yafuate kazi: sehemu moja mbao zikishasimama, ya pili nondo zikishakaguliwa, kubwa jioni ya zege, na ya mwisho, tuseme asilimia 15, mirunda ikishavuliwa na ukiwa umetazama slabu kwa chini. Akidai nusu kabla hajaleta hata msumari, mpe badala yake nauli ya mbao, ukimlipa mwenye lori mwenyewe. Andikeni makubaliano, mkiweza mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa: eneo kwa mita za mraba, unene, mchanganyiko, kilichomo na kisichomo kwenye bei, siku za kumwagilia na nani anamwagilia, siku ya kuvua. Ukurasa mmoja unatosha.